Mlipuko wa M9.3 uliotikisa Jua kuliko wakubwa wake

Tarehe 30 Julai 2011, saa nane na dakika nne usiku kwa saa za Greenwich, eneo la madoa ya Jua lenye namba 11261 lilianza kuwaka. Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa kumi na moja alfajiri na dakika zake, Jua lenyewe bado halijachomoza. Dakika tano baadaye mlipuko ulikuwa umefika kileleni, na haikuchukua muda ukahesabiwa umekwisha. Vipimo vya eksirei vya setelaiti za GOES viliandika M9.3. Si haba, ila haukugusa daraja la X, lililo juu ya M. Wala haukurusha angani wingu la plazima, yaani gesi ya moto yenye chaji za umeme, kwa hiyo huku duniani hakuna aliyekuwa na sababu ya kuujali.

Baada ya hapo uso wa Jua ukaanza kutoa pete.

Kwa macho usingeziona, hata kwa darubini nzuri. Zinajitokeza pale tu unapochukua picha za kasi, yaani za uso unavyopanda na kushuka, zilizopigwa na chombo cha HMI kwenye setelaiti ya SDO, ukazitoa moja kwa nyingine na kuzichuja. Hapo unaona mawimbi yakitanuka kutoka mahali palipowaka, nusu duara moja nyuma ya nyingine. Hilo ndilo tetemeko la Jua, na lilikuwa kubwa.

Kinachonisumbua kwa wiki kadhaa sasa ni hiki: ipo milipuko ya daraja la X, yenye eksirei nyingi kuliko huu, ambayo haikutikisa chochote. Nishati ilikuwa nayo. Ilikwenda wapi?

## Pete isiyotambaa

Jua hutetemeka muda wote, mlipuko uwepo usiwepo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwanafizikia Robert Leighton na wenzake walipopima mwendo wa uso wake pale Mount Wilson, California, tunajua kwamba hupanda na kushuka kwa mzunguko wa kama dakika tano. Mwaka 1972 Charles Wolff akaandika kwamba mlipuko mkubwa ungeweza kuongeza mtetemo wake juu ya huo. Ushahidi ulichelewa mpaka tarehe 9 Julai 1996, mlipuko wa X2.6 ulipotokea mbele ya chombo cha MDI kwenye setelaiti ya SOHO. Alexander Kosovichev na Valentina Zharkova walizitoa pete zake hadharani mwaka 1998.

Kilichowashangaza watu kwenye picha zile ni kwamba pete zilikuwa zinaongeza kasi. Zilianza na kama kilomita 10 kwa sekunde, zikamaliza na zaidi ya 100, zikiwa zimefika kama kilomita 120,000 kutoka chanzo. Wimbi la kawaida linapoenea huchoka. Hili lilionekana kama linapata nguvu njiani.

Hakuna kinacholisukuma. Tunachokiona juu si wimbi linalotambaa usoni, ni mahali ambapo mawimbi ya sauti yaliyotoka chini yanaibukia.

Chini ya uso joto huongezeka, na sauti hukimbia zaidi penye joto. Wimbi linaloshuka kimshazari lina upande wa chini ulio kwenye plazima ya moto zaidi, nao huutangulia ule wa juu. Hivyo njia hupinda kidogokidogo mpaka wimbi linageuka na kurudi juu. Lililoshuka kwa mlalo mkubwa huibuka karibu. Lililozama karibu wima hupita kwenye tabaka zenye kasi kubwa na kuibuka mbali, tena bila kuchelewa sana nyuma ya lenzake. Ukiunganisha sehemu hizo za kuibukia kwa mstari mmoja, unapata pete inayoonekana kukimbia kuliko sauti yenyewe, ambayo pale usoni ni kilomita 7 au 8 tu kwa sekunde.

Ndiyo maana pia pete haionekani papo hapo. Dakika kama 20 za mwanzo mawimbi yako chini, na juu kuna vurugu za mlipuko zinazoziba kila kitu.

## Kulitafuta kwenye data

Data zote za HMI ziko wazi kwenye hifadhi ya JSOC, Chuo Kikuu cha Stanford. Mfululizo unaotakiwa ni hmi.v_45s: picha moja ya kasi kila sekunde 45, pikseli 4096 kwa 4096, kila pikseli ikiwa na upana wa kilomita kama 365 katikati ya diski. Omba kipande cha pikseli 512 kwa 512 kuzunguka mlipuko, kifuatiliwe kadiri Jua linavyozunguka. Hiyo ni kama kilomita 187,000 kila upande, inatosha. Chukua saa moja kabla ya mlipuko na saa mbili baada yake, yaani picha 240.

Kila pikseli ina kasi ambayo sehemu kubwa yake haikufai kitu. Mzunguko wa Jua peke yake huleta kilomita 2 kwa sekunde kwenye ikweta, na mwendo wa SDO kuzunguka Dunia unaongeza wa kwake unaopanda na kushuka kila siku. Mchemko wa uso nao ni mamia ya mita kwa sekunde. Pete unayoitafuta ni makumi ya mita tu. Kwenye mstari wa chuma wa nanomita 617.3, yaani rangi ya mwanga ambayo atomi za chuma huifyonza na HMI huisoma, mwendo wa mita 50 kwa sekunde husogeza rangi kwa sehemu moja katika milioni sita.

Kutoa picha na iliyoitangulia huondoa karibu yote yanayobadilika polepole. Baada ya hapo kuna kichujio cha masafa ya mawimbi, na hapo ndipo wengi hukosea. Mtetemo wa kawaida wa Jua una nguvu zaidi kwenye milihezi 3.3 (mitetemo 3.3 kwa kila sekunde elfu), ile ya dakika tano. Ukitafuta tetemeko pale utamezwa. Panda hadi milihezi 5 mpaka 7, ambako kelele za Jua hupungua ghafla na mawimbi ya mlipuko bado yapo.

Halafu chagua kitovu: pikseli ambapo kasi iliruka ghafla wakati wa mlipuko. Kizunguke kwa vikanda vya duara, upate wastani wa kila kikanda kwa kila picha, uchore umbali dhidi ya muda. Tetemeko halisi huacha mstari uliopinda unaolala juu ya mkunjo wa nadharia ya muda wa safari. Ukikosa mstari kwa duara zima, usikate tamaa mapema. Pete nyingi huonekana upande mmoja tu, kwa sababu madoa ya Jua hunyonya na kuvuruga mawimbi yanayopita ndani yake. Gawa duara vipande, jaribu kila kimoja peke yake.

Njia ya pili ni holografia, waliyoitumia Donea, Braun na Lindsey kwa mlipuko uleule wa 1996: unachukua mawimbi yaliyoibuka kwenye mkanda wa, tuseme, kilomita 15,000 hadi 45,000 kutoka kila nukta, unayarudisha nyuma kwa hesabu mpaka yanakutana tena, na unachora mahali nguvu ilipojikusanya. Hii huona matetemeko dhaifu ambayo kwa njia ya kwanza yangepita bila kujulikana.

Ina mtego wake. Kichujio chenye upana wa milihezi 2 hakiwezi kupambanua muda chini ya sekunde 500 hivi. Tukio la sekunde chache linatandazwa kwa dakika nane, na upande mmoja wa tandazo hilo unaangukia kabla ya mlipuko. Ukikutana na ramani ya holografia inayoonyesha Jua likitetemeka dakika tatu kabla halijawaka, usishangilie ugunduzi. Ni kichujio.

Mtego mwingine ni ule mruko wa kasi kwenye kitovu. Wakati wa mlipuko mstari wa chuma hubadilika umbo, mahali pengine hugeuka kutoka kiza kuwa mwanga. HMI huupima mstari huo kwenye sehemu sita, na si kwa sekunde ileile, kisha hesabu iliyoandaliwa kwa Jua tulivu hugeuza vipimo kuwa kasi. Namba inayotoka hapo inaweza kuwa mwendo wa kweli, inaweza kuwa joto lililojifanya mwendo. Pete ziibukazo mbali baada ya dakika 20 ndizo za kuaminika, kwa kuwa huko hakuna kinachowaka.

## Daraja linapima kitu kingine

Sasa turudi kwenye X na M. Daraja la mlipuko ni kiasi cha eksirei laini kinachofika kwenye kipimo cha GOES. X1 ni wati 0.0001 kwa mita ya mraba. M1 ni sehemu ya kumi ya hiyo. Eksirei hizo hutoka kwenye plazima ya moto iliyojaa matao ya sumaku juu kabisa, kwenye korona, angahewa ya nje ya Jua. Ni jumla iliyojikusanya, na inajikusanya juu. Tetemeko hutaka pigo, na hulitaka chini.

Sharykin na Kosovichev walipopekua milipuko kama 500 ya M na X ya mzunguko wa 24 wa Jua (ile miaka kama 11 ya madoa kuongezeka na kupungua), walipata matetemeko 94. Hata mmoja kati ya mitano haifiki. Mengi ya matetemeko yenye nguvu yalitoka kwenye milipuko ya chini, M1 hadi M5, na baadhi ya ile mikubwa ya X haikuonyesha kitu au ilionyesha kidogo. Nguvu ya tetemeko ililingana vizuri zaidi na kasi ya kupanda kwa eksirei kuliko na kilele chake.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuninyookea. Tulikuwa tukiuliza ukubwa. Tulitakiwa tuulize ghafla kiasi gani.

Ukiuegemeza mchi juu ya nafaka kwenye kinu, uzito wake wote uko pale na sakafu haisikii kitu. Ukiuporomosha, nyumba ya jirani inajua unatwanga. Angahewa ya Jua ni hivyohivyo. Ikisukumwa taratibu kwa dakika kumi, gesi hujipanga upya na kutulia. Wimbi la milihezi 6 lina mzunguko wa sekunde 167, kwa hiyo msukumo wa kulizaa unapaswa kubadilika ndani ya sekunde 80 hivi au chini. Mlipuko wa X unaochukua nusu saa kupanda unaweza kumwaga nishati mara nyingi zaidi ya ule wa 30 Julai usitoe hata pete moja.

Na nishati yenyewe si tatizo. Mlipuko mkubwa hutoa kama jouli 10²⁵; tetemeko huchukua chini ya sehemu moja ya elfu. Swali ni nani anaibeba hiyo sehemu mpaka chini.

## Washukiwa

Maelezo ya zamani huanza na elektroni. Zinapewa kasi kwenye korona, zinashuka kwa nishati ya makumi ya kiloelektronivolti, zinagonga kromosfia, tabaka lililo chini ya korona. Gesi pale hulipuka kwa joto: sehemu hupanda na kujaza matao, sehemu hushuka kama wimbi la mshtuko. Maelezo mazuri, yanakubaliana na ule uhusiano wa kasi ya eksirei. Shida ni safari. Elektroni zenyewe haziifikii fotosfia, ule uso tunaouona, na mshtuko unapaswa kushuka kilomita elfu na zaidi kwenye gesi inayozidi kuwa nzito, huku ukipoteza nishati kwa kung'aa. Unafika chini umechoka. Protoni hupenya zaidi, ila hazijaonekana kuwepo kwa wingi kila penye tetemeko.

Mwanga nao umeshtakiwa. Milipuko mingi yenye matetemeko hung'aa kwa mwanga mweupe pale pale pete zinapoanzia, na ule wa 30 Julai ulikuwa na eneo la mwanga mweupe lililotanuka. Kromosfia iliyowaka huichoma fotosfia kutoka juu, kanieneo inapanda ghafla. Ila ipo milipuko ya mwanga mweupe isiyotetemesha.

Kisha sumaku. Sudol na Harvey, kwa vipimo vya GONG, mtandao wa darubini za ardhini, vya milipuko 15 ya X, walionyesha mwaka 2005 kwamba uga wa sumaku kwenye fotosfia hubadilika ghafla na haurudi ulivyokuwa. Hudson, Fisher na Welsch wakaonyesha mwaka 2008 kwamba badiliko hilo lina kani ya kutosha kuukandamiza uso. Kwa muda mrefu nililiona hili kuwa jibu safi kuliko yote: halihitaji chembe kupenya wala mshtuko kusafiri, kwa sababu uga tayari uko chini. Lakini mabadiliko hayo mara nyingi huchukua dakika kadhaa, na huenea eneo pana, ilhali chanzo cha tetemeko ni kidoa cha kilomita elfu chache. Tumerudi kwenye mchi ulioegemezwa.

Mlipuko wa X2.2 wa tarehe 15 Februari 2011 ulileta wazo jingine, kwani vyanzo viwili vya tetemeko vilikutwa kwenye miguu miwili ya kamba ya sumaku iliyokuwa ikifyatuka. Labda kufyatuka kwenyewe ndiko kunakopiga teke chini. Kwa mlipuko ule huenda. Kwa 30 Julai haiwezekani, hakuna kilichofyatuka.

Tarehe 29 Machi 2014 ilionekana kama siku ya kumaliza ubishi. Mlipuko wa X1.0 ulitazamwa kwa pamoja na setelaiti za IRIS, Hinode, RHESSI na SDO, na darubini ya Dunn kule New Mexico. Tetemeko lilikuwepo. Philip Judge na wenzake wakapitia vipimo vyote, na mbebaji hakupatikana.

Mimi sasa naelemea upande wa kwamba hakuna mbebaji mmoja. Mlipuko mmoja hupiga kwa njia hii, mwingine kwa ile, na kinachofanana ni ughafla tu.

## Kilomita elfu moja chini

Au pigo halitoki juu kabisa.

Mwaka 2020 Charles Lindsey na wenzake waliurudia mlipuko uleule wa M9.3, safari hii kwenye masafa ya juu zaidi, hadi milihezi 10. Faida yake ni ya hesabu rahisi: kwa kasi ya kilomita 7 kwa sekunde, wimbi la milihezi 6 lina urefu wa kilomita kama 1,170, na la milihezi 10 kilomita 700. Wimbi fupi hulenga vizuri zaidi, mpaka unaweza kuuliza chanzo kiko kina gani. Jibu lao lilikuwa kama kilomita 1,000 chini ya fotosfia.

Hili lisingewezekana kwa vyombo vya kabla. MDI ilipiga, na GONG hupiga, picha kila sekunde 60, na kwa mwendo huo masafa yote ya juu ya milihezi 8.3 hupotea, tena hurudi yamejigeuza kuwa masafa ya chini. HMI kwa sekunde 45 ina mpaka wa 11.1. Pengo la sekunde 15 ndilo lililoficha jambo hili.

Kama kina hicho ni sahihi, karibu washukiwa wote waliotajwa wana ushahidi wa kuwa mahali pengine. Elektroni hazifiki huko. Mwanga haufiki, kwa kuwa fotosfia ndiyo hasa pazia ambalo mwanga hauvuki. Inabaki sumaku, au nishati iliyokuwa imekaa huko chini ikisubiri mlipuko wa juu uifungulie mlango.

Nina wasiwasi na neno "kama". Hesabu ya kurudisha mawimbi hutumia mfano wa Jua tulivu, na chini ya madoa Jua si tulivu: joto ni tofauti, kasi ya sauti ni tofauti, sumaku hupindisha njia. Ukikosea kasi, umekosea kina. Kilomita 1,000 ni wimbi moja na nusu tu la milihezi 10, si umbali mkubwa wa kujivunia. Lakini picha ya chanzo ilikuwa kali zaidi ilipolengwa chini kuliko ilipolengwa usoni, na hilo halipuuziki kirahisi.

## Sekunde 45

Tatizo la sasa ni muda wa kupiga picha. Mlipuko wa ghafla hubadilika kwa sekunde chache. Picha moja kila sekunde 45 inaona mwanzo na mwisho, katikati inabahatisha. Vituo sita vya GONG havisaidii hapo. (Cha karibu zaidi na bara la Afrika kiko El Teide, kisiwani Tenerife, nje ya pwani ya Moroko. Bara lenyewe halina hata kimoja.)

Solar Orbiter, iliyorushwa Februari 2020, inabeba chombo cha PHI kinachopima kasi na sumaku kikiwa mahali tofauti na SDO. Mlipuko mmoja ukionwa na vyote viwili kwa pembe tofauti, tutaweza kutenganisha mwendo wa wima na wa mlalo pale kwenye kitovu, na kujua mruko ule wa kasi ni mwendo au ni joto. Mzunguko wa 25 umeleta milipuko ya kutosha, ukiwemo wa X9.0 wa tarehe 3 Oktoba 2024.

Kwa anayetaka kujaribu mwenyewe, ningeanza na milipuko miwili ya 2011: ule wa 15 Februari, kilele saa 01:56 UT (saa za Greenwich, zikihesabiwa kuanzia usiku wa manane), na ule wa 30 Julai, saa 02:09 UT. Chuja yote miwili kwa milihezi 5 hadi 7 kwanza, mpaka mistari miwili iliyopinda ionekane. Kisha panda hadi 8 mpaka 10 na uangalie ni upi bado upo. Tumia kitovu kilekile na vikanda vilevile, la sivyo utakuwa unalinganisha makosa yako.